Shajara ya mradi: ngatu ya Tonga katika kijitabu cha Kiswahili

Februari, mwanzo

Kazi imeanza. Tunaandaa kijitabu cha Kiswahili kuhusu vitambaa vya magome ya miti vya visiwa vya Polinesia, katika bahari ya Pasifiki, yaani jinsi vinavyotengenezwa na kupambwa, na heshima vinayobeba. Tunawaandikia walimu wa sanaa, wanafunzi wa sekondari na mafundi wa kazi za mikono. Mchoraji ni dada wa hapahapa Tanga. Kila sura ikikamilika inakwenda kwanza kwa mwalimu wangu wa zamani wa sanaa, mzee aliyestaafu ambaye bado anausoma kila mstari kwa makini.

Duniani vitambaa hivi vinajulikana kwa jina la tapa, lakini wenyewe kila mahali wana jina lao: ngatu Tonga, siapo Samoa, kapa Hawaii, hiapo Niue, na kwa majirani zao wa Fiji, masi. Kuvieleza vyote kwa uzito uleule kungetupa orodha tu. Nimeamua Tonga iwe mhimili, visiwa vingine viingie pale vinapoongeza jambo. Sababu ni kwamba Tonga kazi hii haikukatika. Hawaii ilikoma karne ya 19, Niue ikakaa muda mrefu bila watengenezaji, lakini wanawake wa Tonga wameendelea kugonga magome kizazi baada ya kizazi, wala si kwa ajili ya watalii. Wanayagonga kwa sababu wana harusi za kufunga na wazee wa kuzika.

Februari, wiki ya mwisho

Sura ya mti imekamilika, na nimeifurahia kupita nilivyotarajia.

Ngatu hutoka kwenye mti uitwao hiapo kwa Kitonga (neno ambalo Niue ni jina la kitambaa), na kitaalamu Broussonetia papyrifera. Nimeuita mforosadi wa karatasi, maana ni ndugu wa mforosadi tunaoujua. Uko katika ukoo mmoja na mshelisheli na mkuyu, na Wapolinesia walitumia pia gome la mshelisheli na la baadhi ya miti ya jamii ya mkuyu kwa vitambaa vyao. Gome la ndani la miti hii lina nyuzi ndefu zilizopishana, zinazoweza kutanuka zikigongwa bila kukatika.

Kilichonishika zaidi ni safari ya mti wenyewe. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 uliifuata miti ya visiwa vya Pasifiki hadi kusini mwa Taiwan, kule kule ambako wataalamu wa lugha na wa mambo ya kale wanaiweka asili ya mabaharia waliokuja kuwa Wapolinesia. Uchunguzi mwingine ukaonyesha kwamba karibu miti yote iliyopandwa na wenyeji wa visiwa hivyo ni majike matupu. Miti dume iliyopo Hawaii ililetwa baadaye kutoka Asia. Mti jike bila dume hautoi mbegu zinazoota, kwa hiyo hakuna ndege wala upepo uliousambaza. Kila hiapo iliyosimama Tonga leo inatokana na chipukizi lililong'olewa mzizini, likafungwa lisikauke, likapandishwa chomboni na mtu aliyejua kwamba huko aendako atahitaji kitambaa. Huo ni uthibitisho mkubwa wa thamani ya kitu: watu wanasafiri maelfu ya kilomita baharini, nafasi chomboni ni ndogo, na bado mche wa nguo unapata pa kukaa pamoja na viazi vikuu na kuku.

Si kote ulikopokewa vizuri na ardhi. Rapa Nui, kisiwa kinachopigwa na upepo kila upande, waliupanda ndani ya mabustani yaliyozungushiwa kuta za mawe yaitwayo manavai. Wamaori waliufikisha Aotearoa, yaani New Zealand, lakini baridi ya huko ilikuwa kali mno kwake. Baharia Mwingereza James Cook alipopita mwaka 1769 alikuta miti michache tu iliyotunzwa kama hazina, na gome lake lilitosha mapambo ya masikioni, si nguo. Mavazi yao wakayafuma kwa nyuzi za harakeke, mmea wa huko, na mti ukapotea nchini humo.

Mwalimu alipomaliza kusoma aliuliza, "Mwanangu, mbona usipande mche mmoja hapo uani, tukauona kwa macho?" Nikamjibu kwamba Afrika Mashariki mti huu una habari nyingine. Uganda, katika msitu wa Mabira, umekuwa mvamizi. Kule iko miti jike na dume, inazaa matunda mekundu matamu, ndege na nyani wanayala na kuzitawanya mbegu, na sehemu za msitu zilizokuwa zimefyekwa zimejaa mforosadi wa karatasi hadi miti ya asili haipati nafasi ya kurudi. Kwa hiyo hatupandi. Maelezo hayo tumeyaweka katika kisanduku ukurasa wa 9, ili mwalimu yeyote atakayepata wazo hilo ayaone kabla ya kutafuta miche.

Machi, wiki ya pili

Sura ya kugonga. Mchoraji aliomba nimweleze hatua kwa hatua, na ilinibidi nisome upya hadi kila hatua iweze kuchoreka.

Hiapo huvunwa changa, baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo, shina likiwa limenyooka na kumpita mtu kimo. Muda wote wa kukua, vichipukizi vya matawi huondolewa mapema, kwa kuwa kila tawi linaacha jicho kwenye gome, na kila jicho litakuja kuwa tundu kwenye kitambaa. Ndiyo maana ubora wa ngatu unaanzia shambani. Shina likishakatwa, gome linavuliwa lote kwa mkupuo mmoja. Ganda la nje linakwanguliwa, na gome la ndani, jeupe, linaanikwa juani kisha linakunjwa na kuwekwa. Siku ya kazi linalowekwa tena majini.

Mgongaji huketi mbele ya tutua, gogo lililosawazishwa uso wa juu, na mkononi ana ike, kigongo cha mbao chenye pande nne. Pande nyingine zina mifereji, nyingine ni laini. Anaanza na mifereji ili nyuzi zisukumwe kando, anamaliza na upande laini ili uso ukae sawa. Ukanda wa upana wa kiganja hutanuka mara kadhaa. Hakuna mtande wala mshindio hapa, hakuna kitanda cha mfumi. Nyuzi zinashikamana zenyewe kwa kugongwa zikiwa na unyevu. Ukanda uliokwisha tayari huitwa feta'aki, na ndio tofali la kila ngatu.

Wageni wengi waliofika Tonga tangu zamani wameutaja mlio wa ike vijijini. Jumapili hausikiki: katiba ya Tonga ya mwaka 1875 iliifanya siku hiyo kuwa takatifu na kukataza kazi.

Machi, mwisho

Mwalimu ameirudisha sura ya kugonga na maneno mafupi pembeni: "Umeanza na kigongo. Anza na anayepokea."

Nimekaa na maneno hayo siku kadhaa. Mpangilio wa sura ulikuwa mti, kugonga, gundi, rangi, nakshi, kisha matumizi. Ndivyo makala nyingi za kazi za mikono zilivyopangwa, na hakuna kosa ndani yake. Lakini msomaji anafika ukurasa wa 40 akiwa anajua kila kitu kuhusu kigongo na bado anadhani anasoma habari za vazi la kale. Ngatu ni mali. Hili ndilo ninalotaka lieleweke tangu ukurasa wa kwanza, na mpangilio mzima uligeuzwa kwa ajili yake.

Watonga wanagawa mali katika mafungu mawili. Mali ya wanaume ni mazao ya shamba na mifugo: viazi vikuu, kava (mmea ambao mizizi yake hutengenezwa kinywaji), nguruwe. Mali ya wanawake ni koloa: ngatu, mikeka laini ya majani ya mkadi, mafuta ya nazi yenye manukato. Ya wanaume inaliwa na kuisha. Koloa inakaa, inakunjwa, inahifadhiwa chini ya godoro au juu ya dari, na inatoka siku ya shughuli. Na koloa ndiyo yenye hadhi kubwa zaidi, kwa sababu katika ukoo wa Kitonga dada ana daraja juu ya kaka yake. Watoto wa kaka wanamheshimu shangazi yao maisha yote. Kwenye maziko, harusi au siku ya kuzaliwa ya mtoto, yuko mgeni wa heshima aitwaye fahu, ambaye kwa kawaida ni shangazi mkubwa upande wa baba au mtoto wake. Anakaa mahali pa juu. Msibani anakaa kichwani pa marehemu. Ngatu bora na mikeka bora humwendea yeye.

Kwa hiyo sura ya kwanza sasa inafungua na fahu akiwa ameketi, na ngatu ikitandikwa mbele yake. Mti unakuja sura ya pili. Msomaji wa pwani, anayejua uzito wa neno la shangazi katika harusi, hatahitaji maelezo marefu.

Aprili

Gundi na rangi. Sura hii imekwenda haraka, na mchoraji ndiye aliyeifurahia kuliko wote, maana nusu ya mimea anaifahamu na mingine ameichuma mwenyewe. Gundi ya asili ni wanga wa mmea unaoitwa kitaalamu Tacca leontopetaloides, ambao unaota pia pwani yetu. Kiazi chake kibichi kina uchungu na hakiliwi mpaka kioshwe mara nyingi, lakini uji wake unashika sawasawa. Siku hizi wengi hutumia unga wa muhogo au wa ngano.

Rangi ya kahawia inatoka kwenye gome la mti wa koka, Bischofia javanica. Gome linakwanguliwa, linatiwa ndani ya wavu wa nyuzi na kusokotwa kwa nguvu hadi maji yote yatoke, kisha yanachemshwa yawe mazito. Gome la mkoko hutoa rangi inayoelekea wekundu. Nyeusi ni masizi ya kokwa za mti wa tuitui, zenye mafuta, zilizochomwa taratibu na moshi wake kukusanywa. Samoa wanaongeza manjano, ile ile ya jikoni, na nyekundu ya mzingefuri, mti uliotoka Amerika na kuzoea visiwa kama ulivyozoea Tanga na Zanzibar. Brashi? Punje ya tunda la mkadi lililokauka, iliyopondwa ncha moja hadi nyuzi zifunguke. Mchoraji ametengeneza moja kwa tunda aliloliokota ufukweni na amechora nayo mipaka ya kurasa zote za sura hii. Mstari wake una uhai ambao kalamu haitoi.

Mei, mwanzo

Sura ya koka'anga. Nimeipa nafasi kubwa kuliko zote na sitaipunguza.

Koka'anga ni siku ambayo wanawake wanakutana kuunganisha na kupiga nakshi. Hapo ndipo feta'aki nyingi, zilizogongwa na mikono mingi katika nyumba nyingi, zinakuwa kitu kimoja. Kikundi chao kinaitwa kautaha. Kila mwanachama analeta feta'aki zake kwa kiwango kilichokubaliwa, na kazi inafanywa kwa zamu: leo ngatu ni ya huyu, safari ijayo ni ya yule.

Wanaketi pande mbili za papa, meza ndefu iliyobinuka mithili ya mgongo wa mtumbwi uliopinduliwa. Juu ya papa hufungwa kupesi, vibao vya nakshi. Navieleza kwa kirefu kwa sababu ni kazi ya ustadi peke yake: kitako cha majani ya mkadi au kilifu cha mnazi, na juu yake zimeshonwa chelewa na kamba nyembamba za makumbi kufuata mchoro, hadi mchoro usimame na kuhisiwa kwa vidole. Vitu ambavyo kwetu vinakuwa fagio na kamba, kule vinabeba alama za ukoo.

Tabaka la kwanza la feta'aki linatandazwa juu ya kupesi. La pili linabandikwa juu yake kwa gundi, nyuzi zake zikielekea upande mwingine, ili kitambaa kisichanike kirahisi. Viraka vinafunika matundu. Kisha kila mwanamke anachovya kitambaa chake katika koka na kusugua kwa nguvu, na nakshi iliyo chini inajitokeza. Sehemu hiyo ikikamilika, ngatu inavutwa mbele, inayofuata inaanza. Hakuna anayeiona ngatu nzima ikiwa inatengenezwa. Wanaiona siku inapotandazwa majanini kukauka, na hapo ndipo mistari mikuu inapakwa rangi nyeusi kwa brashi ya mkadi, na nakshi iliyokuwa imefifia inasimama.

Kipimo chake ni langanga, yaani sehemu moja kati ya mistari inayokatiza, karibu nusu mita. Pembeni, kwenye ukingo mweupe, langanga huandikwa namba. Launima ni ngatu ya langanga 50, zaidi ya mita 20 kwa urefu na upana wa mita 4 hivi. Namba hizo zinanigusa sana. Ni hesabu ya kazi ya wanawake, imeandikwa waziwazi kwenye mali yenyewe, ili siku ya kutoa na kupokea pasiwe na mtu wa kuipunja.

Na ngatu hukatwa. Inapotolewa, aliyepokea anaweza kuigawa vipande kwa watu wake. Wapenzi wa makumbusho wanashtuka wakisikia hivyo, lakini ndivyo inavyoishi, ikipita kutoka nyumba hadi nyumba.

Mei, mwisho

Nakshi. Baadhi ni za kale sana: manulua, ndege wawili waliokutana mbawa, wengi wanaisoma kama alama ya heshima ya mtu inayotoka kwa baba na kwa mama pia. Nyingine zinaandika historia ya nchi. Hala paini ni barabara ya misonobari inayoelekea kwenye kasri la mfalme. Sila o Tonga ni nembo ya taifa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Watonga walichanga fedha za kununulia ndege za kivita aina ya Spitfire, na ndege hizo zikaingia kwenye ngatu. Ngatu 'uli, iliyojaa weusi wa masizi, ni ya watu wa daraja la juu kabisa.

Katika sura hii nimesimulia kwa kirefu habari ya launima moja iliyoko makumbusho ya Te Papa, Wellington. Ni ya mwaka 1953, mwaka ambao Malkia Elizabeth II wa Uingereza alitawazwa na, Desemba, akaitembelea Tonga kama mgeni wa Malkia Sālote Tupou III. Miaka 12 baadaye, Desemba 1965, Malkia Sālote alifariki Auckland, na ngatu hiyo hiyo ikausindikiza mwili wake aliporudishwa nyumbani. Kitambaa kimoja, sherehe ya malkia mmoja, safari ya mwisho ya mwingine. Nilimsomea mchoraji kipande hiki kwa simu, akanyamaza, kisha akaniomba ukurasa mzima wa mchoro. Amepewa.

Juni

Visiwa vingine, kurasa chache kwa kila kimoja.

Samoa: siapo ni ya aina mbili, 'elei inayosuguliwa juu ya kibao cha nakshi kiitwacho upeti, na mamanu inayochorwa kwa mkono moja kwa moja. Samoa ya Marekani inamkumbuka Mary Pritchard, aliyejifunza kwa wanawake wa kijiji cha Leone kisha akaitumia sehemu kubwa ya maisha yake kufundisha wengine. Niue: michoro myembamba ya mimea na nyota ndani ya viboksi, baadhi ikiwa na majina ya watu. Pitcairn: wanawake wa Kitahiti waliochukuliwa na waasi wa meli ya Bounty mwaka 1789 waliendelea kugonga magome kwenye kile kisiwa kidogo na kuwafundisha binti zao. Mmoja wao, Mauatua, kazi yake imehifadhiwa Uingereza. Historia ya uasi ule kwa kawaida inasimuliwa kama habari ya wanaume na nahodha wao. Vitambaa vinatukumbusha nani aliyelea watu kisiwani.

Hawaii nimeiacha mwisho kwa sababu ya Honokahua. Kapa ya Hawaii ilikuwa nyembamba na laini kupindukia. Gome lilivundikwa majini hadi lilainike, na kigongo cha mwisho, i'e kuku, kilichongwa nakshi ambazo ziliacha alama ndani ya kitambaa chenyewe, unaziona ukikiinua kwenye mwanga. Pamba ya madukani ilipoenea, kazi ikafa, na waliojua siri zake wakafa nayo. Kuanzia miaka ya 1970 watu wachache waliifufua kwa kusoma maandishi ya kale, kuvitazama vitambaa vilivyohifadhiwa Bishop Museum huko Honolulu, na kujaribu tena na tena. Miongoni mwao alikuwa Puanani Van Dorpe. Mwishoni mwa miaka ya 1980, uchimbaji wa msingi wa hoteli huko Honokahua, kisiwa cha Maui, ulifukua mabaki ya wahenga zaidi ya 1,000. Wenyeji walipinga, hoteli ikasogezwa, na mabaki yakarudishwa ardhini. Van Dorpe aliongoza wanawake kutengeneza kapa ya kuwafungia. Ufundi ulikuwa umekaribia kusahaulika, na moja ya kazi zake kubwa baada ya kurudi ilikuwa sanda.

Julai

Suala la michoro ni la nani. Limetuchukulia muda, na ni haki yake.

Mchoraji alikuwa na mpango wa kuweka mwishoni kurasa za nakshi ambazo wanafunzi wangezikata na kuzitumia kupiga chapa kwenye karatasi. Ni zoezi zuri darasani. Lakini wakati huo huo nilikuwa nasoma habari ya Fiji: shirika la ndege la taifa lilipobadili jina na sura yake, lilimwomba fundi wa masi, Makereta Matemosi, abuni nakshi zake, na zinapendeza kwelikweli kwenye mikia ya ndege. Mwaka 2013 shirika likaomba kusajili nakshi 15 kama alama zake za biashara, na Wafiji wengi wakapinga, wakisema baadhi ya alama hizo ni za urithi wa watu wote na kampuni moja haiwezi kuzimiliki.

Mambo kama hayo ni ya zamani. Mwaka 1787, London, mfanyabiashara Alexander Shaw alikata vipande vya vitambaa vilivyokusanywa katika safari za Cook, akavishona kuwa vitabu vya sampuli na kuviuza. Leo vitabu hivyo ni hazina za maktaba. Kila kipande humo kiliwahi kuwa sehemu ya kitambaa kizima kilichokuwa na mtu wake.

Tumeamua hivi: hatuweki kupesi ya kukata na kunakili. Badala yake kuna zoezi la wanafunzi kubuni kibao chao cha chelewa na kilifu, kwa alama za mtaa wao wenyewe. Ufundi wanajifunza, alama za watu zinabaki kwa wenyewe. Mwalimu ameandika pembeni, "Hapa umesimama vizuri," na yeye si mtu wa kusifu ovyo.

Julai, wiki ya mwisho

Kurasa mbili za lubugo ya Buganda zimeingia, maana msomaji wa Uganda au wa Kagera atauliza mara moja, na ana haki. Lubugo inatoka kwenye mutuba, Ficus natalensis, na ufundi wake UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, kisha ukaingizwa kwenye orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2008. Rafiki wa Bukoba alinitumia kipande, nacho kiko mezani ninapoandika: chekundu kama udongo wa kule, kizito, chenye joto mkononi.

Tofauti zake na ngatu zinafundisha kuliko kufanana. Lubugo ni kazi ya wanaume, ngatu ni ya wanawake. Mutuba haukatwi: shina lililovuliwa gome linafungwa majani ya mgomba, gome linaota upya, na mti mmoja unavunwa miaka mingi. Hiapo hukatwa na kuchipua tena kutoka mizizini. Lakini watu wa kando ya ziwa Nyanza na watu wa katikati ya Pasifiki wote wawili waliona kwamba mfu wa heshima afungwe kwa gome. Katika makaburi ya Kasubi, pazia la lubugo ndilo linalotenga mahali pa wafalme na mahali pa walio hai.

Agosti

Maandishi yamekamilika. Sehemu ya mwisho kuandikwa ni ile ya Watonga walio ughaibuni. Auckland na Salt Lake City kuna jamii kubwa za Watonga na hakuna mashamba ya hiapo, kwa hiyo wanawake hutumia kitambaa cha kiwandani mahali pa gome, na kuiita ngatu pepa. Wapo wanaoidharau. Mimi nimeiandika kwa heshima kamili. Papa ni ile ile, kupesi ni ile ile, langanga zinahesabiwa, wanawake wanaketi pande mbili, na fahu bado anapokea. Ngatu ya gome nayo inaendelea kusafiri, kutoka Tonga kwenda kwa jamaa wa nje, na fedha na bidhaa zinarudi njia hiyo hiyo.

Michoro miwili bado: ile ya launima ya 1953 na ramani ya safari za mti kutoka Taiwan. Maombi ya ruhusa ya picha yamekwenda kwenye makumbusho mawili, moja limejibu na kukubali. Tumewaomba Watonga wawili wanaosoma chuo hapa nchini wazisome sura za fahu na koka'anga kabla ya kwenda kwa mchapaji, na maneno ya Kitonga yatasahihishwa kwa mikono yao. Bila idhini yao sura hizo mbili haziendi kiwandani.

Mwalimu ameomba nakala kumi kwa ajili ya shule aliyofundisha. Nimeziandika kwenye orodha ya kwanza.